Orodha Iliyokatwa Mkia

Kila Ijumaa baada ya vipindi, Umeme alimsaidia karani wa shule kazi za kompyuta. Wenzake wa darasa la saba walimwita hivyo kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kibodi. Ijumaa hiyo alikuwa akiingiza fomu za wazazi zinazoeleza mtoto gani hawezi kula nini. Fomu ya mdogo wake wa darasa la kwanza ilisema: "Apewe maziwa kila siku, lakini ya soya tu. Ya ng'ombe yanamtapisha." Umeme alitabasamu. Mtoto yule aliyapenda maziwa kuliko maziwa yalivyompenda yeye.

Alichapisha orodha ya jikoni, akashika begi lake.

"Umeisoma karatasi yenyewe?" karani aliuliza.

"Nimeisoma, mama."

Hakuwa ameisoma. Wenzake walikuwa wakimngoja uwanjani.

Jumatatu saa nne mpishi alibandika orodha ukutani, akagawa vikombe. Kabla kengele haijalia, mdogo wake Umeme alitapika juu ya meza, kwenye benchi na kwenye viatu vya Umeme, dada yake aliyekuja mbio. Matapishi yalikuwa meupe, yenye mabonge, na uchachu wake ulinasa kooni. Kinyaa kilimpanda Umeme hadi machozi yakamlengalenga. Watoto waliziba pua, wakakimbia. Mpishi, mtu mzima mwenye miguu mibovu, ndiye aliyepiga magoti kuyazoa kwa kitambaa, huku mwalimu mkuu amemsimamia kichwani.

"Miaka yote hiyo jikoni, hujui kusoma?"

"Nimesoma, mwalimu. Imeandikwa apewe maziwa."

"Basi kesho usije."

Umeme alitazama ukutani. Kwenye kisanduku cha mdogo wake palikuwa na maneno manne: "Apewe maziwa kila siku". Yaliyobaki hayakuwepo. Angenyamaza, nani angejua? Mpishi alikamua kitambaa kwenye ndoo, maji machafu yakamchuruzika mikononi. Hapo Umeme akajiona ananuka kuliko sakafu ile.

"Kosa ni langu, mwalimu," alisema. "Nilidanganya kwamba nimeisoma karatasi."

Mgonjwa alilazwa kwenye chumba cha huduma ya kwanza, akapewa maji kidogo kidogo mpaka tumbo likatulia. Karani aliwaita Umeme, mpishi na mwalimu mkuu ofisini, akafungua orodha kwenye kompyuta.

"Tazameni. Kwenye skrini nabonyeza mshale huu, maneno yaliyojificha yanapanda. Karatasi haina mshale. Kisanduku kikiwa kidogo, printa inachapa yanayoenea tu."

Alibadili mpangilio ili kisanduku kirefuke kadiri ya maneno, akachapisha upya. Safari hii Umeme aliisoma karatasi kwa sauti, mstari kwa mstari, mpishi akisikiliza.

"Naona leo umeme umekatika," karani alimtania. "Afadhali."

Mwalimu mkuu alimwomba mpishi radhi mbele ya wote, akamsihi asiache kazi. Umeme alichukua kitambaa na ndoo, akaenda kumalizia sakafu mwenyewe. Mpishi alimfuata taratibu.

"Viatu vyako vitaoshwa, mwanangu," alisema. "Lakini kusema umesoma na hujasoma, uvundo wake haukai kwako. Unamkalia mwenzako aliyekuamini. Leo ulinikalia mimi."

Umeme aliinamisha kichwa, akaendelea kusugua.