Spika za Mama Irja

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, nusu ya mji wa Thunder Bay ilikuwa imejazana ndani ya duka moja la vifaa vya elektroniki, kwa kuwa bei zilikuwa zimeshushwa na nje theluji ilikuwa haivumiliki. Watu walikanyagana viatu, watoto walilia, na kila televisheni ukutani ilipiga kelele yake. Mbele ya rafu ya spika za kompyuta alisimama mwanamume mrefu mwenye koti la kazi lililotobolewa na cheche, buti zake zikiacha kidimbwi cha maji sakafuni. Kwapani alikuwa amekumbatia boksi kubwa lenye picha ya spika zinazowaka taa za buluu na zambarau.

"Usinunue hizo," sauti ilimwambia kutoka nyuma.

Aligeuka, akaangalia chini kidogo, ndipo akamwona. Alikuwa mwanamke mfupi, kofia ya sufu ya manjano imemshuka hadi kwenye nyusi, koti la kijani limefungwa vifungo mpaka kidevuni, mashavu mekundu kwa baridi. Hakuwa mhudumu wa duka. Alikuja kununua betri tu. Lakini wapo watu ambao hawawezi kuona kosa linatendeka wakapita kimya, na Danika Prokop alikuwa mmoja wao.

"Wewe nani? Polisi wa spika?"

"Narekebisha sauti za zamani, ndiyo kazi yangu. Hizo zitakupigia besi mpaka jirani agonge ukuta, ila mtu akiongea humo hushiki neno. Unataka kusikiliza nini?"

Reino Lahtinen angeweza kumwambia kwamba hayamhusu. Badala yake alimweleza ukweli, na yeye mwenyewe akajishangaa. Masikio ya mama yake, Irja, yalikuwa yanaishiwa nguvu mwezi hadi mwezi. Vifaa alivyovaa vilimsaidia, lakini daktari alikuwa amesema wazi kwamba havitamsaidia kwa muda mrefu. Baba yake, marehemu Toivo, alikata miti kambini huko kaskazini majira yote ya baridi, na kwa kuwa kalamu ilimshinda, alimtumia mkewe kaseti badala ya barua. Maji yalipofurika chumba cha chini cha nyumba, kaseti zote ziliharibika isipokuwa moja. Mama alikuwa anataka jambo moja tu, kumsikia mumewe angali anasikia.

Danika hakutania tena. Alimuuliza ana kiasi gani, akaambiwa dola mia na hamsini, na ikibidi sana mia mbili. Akasema zinatosha, ila asinunue kwa macho. Akamuuliza upana wa meza, mama anakaa umbali gani, na nyuma ya meza kuna ukuta au dirisha. Akamwambia sauti ya binadamu haihitaji boksi la besi wala taa. Inahitaji spika mbili za ukubwa wa mkate, zenye mwili wa mbao, zinazosema kitu kile kile kwa usawa. Kisha akamlazimisha mhudumu azime wimbo wa dukani awawekee mtu anayesoma taarifa ya habari. Walisikiliza jozi nne wakiwa wameinamisha vichwa pamoja katikati ya ghasia ile. Katika jozi ya tatu, Reino alimsikia msomaji akimeza mate.

"Hizi," alisema.

"Umeona? Una masikio, ulikuwa huyatumii tu."

Zilikuwa za kahawia, hazina urembo wowote. Moja ilikuwa na mashine yote ndani yake, na ya pili ililishwa na mwenzake kwa waya. Bei haikufika mia na themanini. Walipokuwa kwenye foleni ya kulipa, Danika aliuliza kaseti yenyewe itarekebishwa na nani, Reino akajibu kwamba alipanga kuichomeka tu na kuicheza. Danika alifumba macho kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Niletee mimi. Na usiicheze, tafadhali, hata mara moja."

Basi ndivyo ilivyoanza. Danika aliishi juu ya duka la mikate, na kila Jumatano Reino alipanda ngazi zile na mfuko wa mikate ya mdalasini, akidai amekuja kuona kaseti inaendeleaje. Kaseti ilikuwa inaendelea polepole sana. Na mwenye akili anajua kwa nini. Kufikia Krismasi walikuwa wanapigiana simu mara tatu kwa siku. Danika alimwita Reino Fundi, kwa kazi yake ya umeme, naye Reino akamwita Polisi. Mama Irja alimpenda Danika tangu siku ya kwanza kwa sababu, alisema, huyu binti anaongea akimwangalia mtu usoni, kwa hiyo hata neno likipotea midomo inabaki.

Januari utepe wa kaseti ulikatika. Ulikuwa umezeeka mno, na baada ya Danika kumaliza kuunakili kwenye kompyuta ulipasuka vipande vipande ndani ya mashine. Alimpigia Reino pale pale. Reino alimwambia asijali, mradi nakala ipo. Lakini tangu siku hiyo hapakuwa na sauti ya Toivo Lahtinen mahali popote duniani isipokuwa ile iliyopita mikononi mwa Danika.

Jumapili iliyofuata Reino alifunga spika kwenye chumba cha mama yake. Danika alikuwa amemwambia aziweke mezani, moja kila upande wa kompyuta, na alijitolea kuja kuzifunga. Reino hakutaka. Yeye ndiye fundi umeme. Tena alitaka zimkabili mama kwenye kiti chake cha dirishani, kwa hiyo alizitenganisha, moja kila pembe ya dirisha. Waya uliokuja ndani ya boksi ulikuwa mfupi, akakata wa kwake wa kazini, wenye nyuzi mbili, mweusi na mweupe. Akafunga upande mmoja asubuhi, akaitwa kula, akafunga upande wa pili baada ya chakula. Alijaribu muziki, ukajaa chumba kizima kwa upana wa ajabu, akaridhika. Ndipo akamweka baba yake.

Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, haina kifua. Haikutoka kushoto wala kulia wala katikati. Ilielea tu mahali fulani nyuma ya kuta. Mama Irja alivua vifaa vyake vya masikio, akavifuta, akavivaa tena.

"Huyu si Toivo," alisema, na machozi yakamtoka.

Reino alipiga simu pale pale, na hakusalimia.

"Umemfanya nini baba yangu?"

Danika alidhani ni utani. Alipoelewa kwamba sio, alimwambia kwamba kwake sauti iko sawa, aliisikiliza jana tu, nzito kama alivyoambiwa ilivyokuwa.

"Umesugua kelele mpaka ukamsugua na yeye. Na kaseti ndiyo hiyo, hakuna. Hakuna, Danika."

"Reino, nisikilize. Umeangalia waya?"

"Nimefunga umeme nusu ya nyumba za mji huu. Usinifundishe waya."

"Basi nije nisikilize mwenyewe."

"Mama analia humu ndani. Usije."

Akakata. Danika alibaki na simu mkononi, uso unamuwaka kana kwamba amezabwa kofi. Wiki sita za kazi, na mwanamume anayempenda hakumpa hata dakika tano za kusikilizwa. Alilia, kisha akakasirika, na hasira ikakaa.

Jumanne asubuhi, akijua Reino yuko kazini, alikwenda kuchukua hedifoni zake alizoziacha kwa mama Irja. Mama Irja alimfungulia bila kisirani, akarudi kwenye kiti chake. Spika zilikuwa zinacheza. Danika alikuwa bado mlangoni, hajavua hata kofia, alipoijua shida. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa wakati mwenzake inavuta, na kati yao zilikuwa zinaimeza sauti ya mtu. Alisogea, akachungulia nyuma ya spika ya kushoto, kisha ya kulia, akaona. Ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Hakuigusa. Nasema hivi nikimpenda Danika, lakini lazima niliseme: hakuigusa. Alijiambia, aje mwenyewe aniombe. Akachukua hedifoni zake, akamuaga mama, akatoka. Mama Irja alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, mkono nyuma ya sikio, anajaribu kumshika mumewe.

Jumatano hakuna aliyempigia mwenzake. Reino alipita na gari mbele ya duka la mikate mara mbili, na mara zote mbili hakusimama.

Alhamisi mchana simu ya Danika iliita. Alikuwa mama Irja, ambaye hapendi simu kwa sababu hasikii vizuri na kwa hiyo huongea peke yake.

"Mwanangu, usijibu, sitakusikia. Nataka tu kukushukuru. Reino ana mdomo mchafu kama babu yake. Mimi namsikia Toivo kama mtu aliyetumbukia kisimani, lakini ni yeye, nimemtambua kwa jinsi anavyokohoa. Nimemzoea hivyo hivyo. Hicho kidogo kinanitosha. Asante, mwanangu."

Simu ikakatika. Danika aliona aibu kiasi kwamba alikaa chini sakafuni. Kisha akampigia Reino, ambaye alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Uko wapi?"

"Kazini. Danika, mimi..."

"Nenda nyumbani sasa hivi. Ukifika nyuma ya spika, nipigie."

Alipiga baada ya robo saa, anahema. Danika alimwambia aangalie nyuma ya spika ya kushoto, kwenye mashine, pale penye alama nyekundu. Waya gani uko hapo?

"Mweusi."

"Na kulia, kwenye nyekundu?"

Ilimchukua muda Reino kujisomea mwenyewe kosa lake. Kwenye nyumba za huku waya mweusi ndio wenye moto wa umeme, na kwa miaka kumi na minne mikono yake ilikuwa imejua hivyo. Asubuhi alifunga kwa mazoea ya kazi, mweusi kwenye nyekundu. Baada ya chakula, tumbo limeshiba, alifunga kwa kufuata rangi, mweusi kwenye alama nyeusi. Mtu asiye fundi asingeweza kukosea namna ile.

"Mweupe," alisema hatimaye.

"Geuza."

Danika alisikia bisibisi, kisha kishindo, kisha Reino akilaani. Halafu, kupitia simu, alimsikia Toivo Lahtinen akiingia chumbani na kifua chake chote.

"Irja, huku theluji imefika dirishani. Wanasema tutatoka Machi. Niwashie sauna nioge mvuke, na usimpe mbwa buti zangu."

Mama Irja alicheka. Danika hakuwahi kumsikia akicheka vile, kicheko cha msichana. Reino alikuwa analia na hakuficha.

"Nisamehe," alisema kwenye simu. "Uliniambia waya. Uliniambia tangu siku ya kwanza."

Danika angeweza kuishia hapo. Hakuna ambaye angejua.

"Nilijua Jumanne," alisema. "Nilikuja kuchukua hedifoni. Niliona waya, nikaondoka. Nilitaka uje kuniomba."

Reino alizihesabu siku.

"Siku mbili," Reino alisema.

"Siku mbili."

"Mama amekaa siku mbili na yule mtu wa kisimani."

"Ndiyo."

Reino alikata simu. Danika hakumpigia tena. Alijua akijitetea atakuwa anamwongezea hasira.

Saa moja baadaye alisikia buti kwenye ngazi. Reino alisimama mlangoni, theluji mabegani, bisibisi bado iko mkononi, amesahau kuiweka. Hakuleta mikate. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kugombana na aliyekuja kuomba radhi, wote wawili.

"Sijui nani amkasirikie mwenzake," alisema.

"Wote. Ingia, unaniletea baridi."

Aliingia. Walikaa kila mtu mwisho wake wa kochi. Danika alimwambia kwamba kilichomuuma sio kufokewa, ila kwamba alimhukumu kabla ya kumsikiliza. Reino alimwambia kwamba kilichomuuma yeye ni kwamba aliyelipia hasira ya Danika ni mama. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna aliyejaribu kuyapunguza.

"Siku nyingine kitu kisiposikika sawa," Danika alisema, "uniulize kwanza."

"Na wewe ukijua, uniambie. Hata kama unanichukia siku hiyo."

"Hata kama nakuchukia."

Reino aliangalia bisibisi yake, akaiweka mezani taratibu.

"Nataka niwe nakuuliza maisha yote," alisema. "Sijajiandaa, sina pete, nina buti chafu. Lakini ndivyo ninavyotaka. Nikuoe."

Danika alitamani kumrukia. Hakumrukia.

"Leo bado nina hasira na wewe. Na nina hasira na mimi. Jibu la leo halitakuwa zuri. Niulize tena Jumapili."

Siku zile tatu Reino hakula vizuri. Kazini alifunga swichi moja mara nne akihakikisha. Danika naye hakupiga, ingawa alikuwa analala na simu chini ya mto.

Jumapili Danika alikwenda kwa kina Reino mapema, amevaa gauni la bluu ambalo hajawahi kulivaa mchana. Reino alimuuliza saa mbili asubuhi, kahawa haijachemka, mbele ya mama yake, kwa maneno yale yale na buti chafu zile zile. Mama Irja aliangalia midomo ya mwanawe, kisha akageuka kuangalia ya Danika.

Danika alijibu ndiyo kwa sauti kubwa, mpaka kikombe kikalia kwenye sahani, ili mama naye asikie.