Nilimuuza Mwari kwa Sifa za Watu Nisiowajua

Wasomaji wenzangu, assalam aleykum. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mzaliwa wa Msambweni, na kazi yangu ni kuchora hina. Nimechoka kuibeba habari hii peke yangu, ndiyo maana nawaandikia. Mkinilaumu mtakuwa na haki...

Hina nilifundishwa na dada yangu mkubwa, Mwanamisi, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Kwa miaka mingi nilichora maharusi wa kwetu. Nilikula, nilivaa, na wanawake waliniamini. Nilitaka nini zaidi? Wallahi hata leo sijui!

Kisha nikapata nafasi katika saluni moja ya Ukunda. Shiko, msichana wa bara tuliyefanya kazi naye, akapiga picha mkono wa mteja wangu na kuitia mtandaoni. "Aunty, umeweza! Watu wamekupenda hadi basi!" akaniambia. Nikacheka tu, lakini hadi nafika nyumbani nilikuwa nimeifungua simu mara ishirini.

Nikafungua ukurasa wangu mwenyewe, ikawa maradhi. Asubuhi kabla ya kupiga mswaki nilitazama nani kanisifu. Siku watu walipokaa kimya, chakula hakikushuka. Kulikuwa na mchoraji mmoja wa Diani aliyekuwa na wafuasi kunishinda, nami nikamchukia bila hata kumjua. Mimi, mtu mzima mwenye akili zangu!

Wakati huo ndipo Nimwaka, binti wa pekee wa dada, alipoposwa. Kwetu mwari, binti anayesubiri ndoa, hutiwa ndani. Husingwa kwa liwa ya msandali, hufukizwa udi, na hina yake mumewe ndiye mwanamume wa kwanza kuiona. Dada aliweka kikapu mlangoni ili kila mwanamke aache simu yake humo. Yangu hakuitaka.

"Wewe ni mama yake pia, mdogo wangu," alisema. "Nikuchunge na nini?"

Nilijiambia nitapiga video ya mikono na miguu tu. Na kweli nilipiga mikono na miguu tu! Lakini nyuma ya Nimwaka kulikuwa na kabati la kioo, na kwenye kioo alionekana yeye mwenyewe, leso kifuani, mabega wazi, liwa usoni, anacheka. Sikuitazama video mara ya pili. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa...

Niliituma mtandaoni adhuhuri. Kufikia alasiri wajomba wa bwana harusi walikuwa wameshaiona.

Kesho yake walikuja wazee wawili. Walizungumza kwa adabu zote, wakasema kijana wao hatamwoa mwari aliyekwisha kutazamwa na kila mtu. Dada aliwasikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Inshallah kheri." Ijumaa ikafika, nikaha haikufungwa.

Jamani, hina niliyoichora mimi haikufutika upesi! Nimwaka alivaa soksi wiki mbili nzima katika joto lile ili majirani wasimwone miguu. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniuliza jambo moja tu: "Mama mdogo, si ungeniuliza kwanza?"

Na ile video? Ilipendwa kuliko zote! Niliifuta, lakini ilikuwa imeshasambaa. Hoteli moja ya Galu ikaniita nichore wageni. Nikachora, nikapigiwa makofi, nikaenda kulia chooni. Kazi ile ya hoteli niliiacha siku hiyo hiyo, na hakuna aliyenitafuta. Wale maelfu walionisifu walishahamia kwa mwingine.

Dada hakunifukuza. Afadhali angenifukuza! Nilikwenda kumwamkia kila Ijumaa, "Shikamoo, dada," naye aliitikia marahaba bila kuinua macho, akaendelea kuchambua mchele. Miaka miwili nilisimama kwenye kizingiti kile. Hakuniambia niingie.

Mwaka huu nikasikia kwa jirani kwamba Nimwaka ameposwa tena, na mwalimu mpole wa Kinango. Sikualikwa. Nilivaa buibui langu nikaenda, nikapita uani moja kwa moja, nikakaa na wanawake wa jikoni nikamenya vitunguu. Ndani ya chumba mchoraji mwingine alikuwa akimpamba mtoto wangu. Nilivisikia vigelegele vikipita ukutani.

Dada akatoka kutazama pilau. Akanikuta pale. Alichota kidogo kwa upawa, akaninyooshea.

"Onja chumvi," akasema.

Nikaonja. Nikamwambia imetosha. Akarudi ndani.

Ni hayo tu, wasomaji wangu. Hakunikumbatia, na chumbani kwa mwari sikuitwa. Lakini nawaapia, sifa zote nilizowahi kupata mtandaoni hazikunipa nilichokipata katika ule upawa! Nililia, nikavisingizia vitunguu.

Siku hizi nachora wachache, wale wanaonijua na bado wananitaka. Sina jina kubwa. Nikilala, nalala.

Nawasihi, dada zangu na wadogo zangu... kabla hujakitia nje cha ndani ili wageni wakusifu, mtazame yule anayekuamini hata hakuchungi. Mimi nilikuwa naye, na sikujua kwamba nilikuwa nimeshafaulu. Sasa naomba tu uhai, siku moja dada yangu aniambie, "Ingia."