Gobori la Marehemu Luhende

Enzi za watemi, mwaka ule pembe za ndovu zilipotoka Ulindwa mzigo juu ya mzigo, mtemi Kasagala alizitoa zote kwa msafara wa pwani, naye akapokea magobori arobaini. Watu walicheza ngoma siku tatu. Kisha magobori yakaingizwa nyumba ya silaha yakapakwa mafuta ya kondoo, nje na ndani ya mtutu, kama mikuki ilivyopakwa tangu zamani za mababu. Kila vita mpako mpya juu ya mpako wa jana, wala hakuna aliyethubutu kufuta, kwa kuwa baraka ya waliotangulia ilikaa humo.

Silaha ya Ulindwa ilioshwa siku moja tu, siku mwenye silaha alipokufa, ndipo imfuate kaburini. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo wa Minza binti Ntemba, naye aliifanya tangu mama yake alipofariki. Mikuki aliivumilia. Magobori yalimshinda. Harufu ilimpokea kabla hajafika mlangoni, mafuta yaliyochacha yamechanganyika na baruti iliyoungua, na nzi walitoka ndani ya mitutu kama nyuki mzingani.

Ndipo Igembe, mtemi wa Busanga, alipokuja na jeshi lake akalizingira boma. Siku ya kwanza magobori yalikohoa tu. Moja likapasuka, likaondoka na taya la mwenyewe. Mtu mwingine alikufa kwa mshale, na Minza akapelekewa gobori lake. Feruzi, mpagazi wa pwani aliyeachwa na msafara kwa sababu ya mguu uliovunjika, alimwambia atumie maji yanayochemka. Akamimina. Kilichotoka kilikuwa uji mweusi wenye funza. Feruzi alilikausha gobori, akalishindilia, akalipiga. Likanguruma, na ngao ya ngozi ya nyati ikatoboka mbele na nyuma.

Minza akauchukua ule uji ndani ya kibuyu hadi barazani kwa mtemi, akaomba aoshe magobori yote kabla hakujapambazuka tena. Wazee walivuta migolole yao puani. Ntinginya, mnyampara mkuu wa baraza, alikuwa akila, na vidole vyake vilimeremeta kwa mafuta.

"Binti Ntemba," alisema, "wataka kuosha silaha za watu wazima walio hai. Makaburi yetu umeshayachimba, au tukusaidie?"

Wakacheka hadi mwingine akapaliwa. Kisha wakashauriana kwa uzito mkubwa, wakaamua kwamba kosa lilikuwa uchache wa mafuta. Wakachinjwa kondoo watatu wanono. Minza alisimama akawatazama wanaume wakiyasukuma mafuta ya moto mtutuni kwa vidole, wakijilamba. Akaondoka na kibuyu chake.

Alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki, Luhende, na kesho yake Luhende ndiye angesimama langoni. Alimwendea, akamweleza yote. Luhende alilipindua gobori lake, akalinusa, akaliweka chini.

"Kuna njia ya kuliosha, dada."

"Ipi?"

"Nife leo."

Minza alielewa kwamba ataka aliliwe matanga angali hai. "Mtu akishaliliwa harudi, Luhende. Mkeo atarithiwa na Masele wa ukoo wetu. Hakuna atakayekuitikia salamu."

"Boma likivunjwa mke wangu atakwenda kwa Igembe, nawe pia. Chagua."

Baraza lilikubali upesi, maana matanga huchinjiwa fahali. Basi Luhende akanyolewa, akaliliwa jua likizama, naye amekaa palepale. Mkewe, Nshoma, alilia kweli. Wazee walikula nyama ya matanga yake hadi mifupa ikafyonzwa, na Ntinginya akamwomba marehemu asogee kidogo, amewazibia upepo. Minza hakugusa tonge. Alikuwa akichemsha maji.

Kulipokucha Busanga wakaja. Magobori ya Ulindwa yalitema moshi na mafuta, mawili yakapasuka. Adui walicheka waziwazi, na Igembe mwenyewe, amevaa joho jekundu, akabebwa mabegani hadi karibu na lango aone kichekesho hicho. Luhende alipiga. Minza akamimina maji, Feruzi akakausha na kushindilia, Luhende akapiga tena. Mara ya saba joho jekundu likaanguka chini ya miguu ya waliolibeba. Busanga wakauchukua mwili wa mtemi wao wakakimbia.

Kasagala akasimama mbele ya watu akawasifu kondoo watatu. Ntinginya akapewa ukanda wa ngozi ya chui kwa shauri lake la mafuta. Luhende alipita katikati yao, na kila jicho likahama. Nshoma alikuwa amesimama nyuma ya Masele, akitazama ardhi.

Ntinginya akanyoosha mkono wake wenye mafuta. "Gobori lirudi nyumba ya silaha, lipakwe."

"Silaha iliyooshwa humfuata mwenyewe," Minza alisema. "Sheria ni yenu, baba, nami ndimi mtunzaji wake."

Mzee akaurudisha mkono. Minza alimpa ndugu yake gobori na kibuyu cha baruti, akamsindikiza hadi lango la magharibi, mahali maji ya maiti humwagwa. Hawakuagana, kwa sababu wafu hawaagwi. Alimtazama hadi nyasi zikamfunika.

Mwaka wa pili mtoto wa Igembe alikuja na jeshi la baba yake. Hapakuwa na wa kumzuia. Boma lilianguka kabla ya adhuhuri, na Ntinginya akakutwa ameanguka kifudifudi juu ya gobori lake, kidole kimekwama mtutuni. Yule kijana wa Busanga aliingia nyumba ya silaha, magobori yalikorundikwa, akaziba pua, akatoka haraka akiuliza kama kuna mtu anayejua kuyasafisha madude hayo.

Wenye magobori walikuwa wamelazwa uani, maiti mmoja baada ya mwingine. Minza aliwatazama. Kisha akateleka chungu cha maji, na safari hii hakuna aliyemkataza.