Benchi Nje ya Kioo

Mgawadawa, mashine yenye mikono sita, ilisoma mishipa ya kiganja cha mteja, ikachomoa dawa zake rafuni, ikazifunga na kuziandika jina kabla mtu hajamaliza kukohoa. Tena ilikuwa na adabu. Iliwaamkia wazee, kisha ikauliza, "Habari ya afya?" Mteja akijibu nzuri, taa ya kijani inawaka, anayefuata anasogea. Duka la dawa la Chang'ombe, Dodoma, lilikwenda hivyo. Wakubwa walipokuja kukata utepe walipiga picha na mashine, wala hawakumwuliza mgonjwa hata mmoja neno.

Sasa nani hapa kwetu, akiulizwa habari, anaanza na mabaya? Mtu anasema nzuri kwanza. Mabaya yanakuja baadaye, baada ya "ila". Mgawadawa haikusubiri ila. Mbeleje, mke wa fundi viatu Chilongani, aliiambia nzuri kila mwezi huku moyo wake ukidhoofika, akafa mfuko wa dawa ukining'inia mlangoni, haujafunguliwa. Wakubwa wakaandika kwamba mashine haikukosea. Basi, yakaisha hapo. Kwao.

Nyemo, mfamasia wa duka, siku zote hizo alikaa nyuma ya kioo akilinda skrini, maana ndivyo alivyoagizwa. Baada ya kifo hicho, chama cha wafamasia ndicho kilichomletea kocha wa kazi, mama wa Kipare aitwaye Namsifu. Wateja walicheka, wakamwuliza anafundisha timu gani. Akawajibu kwamba golikipa anaye, tatizo hatoki golini.

Nyemo alitegemea masomo ya dawa mpya. Namsifu hakugusa dawa. Hizo Nyemo alizijua. Alimwuliza tu: mtu akikuambia nzuri, wewe unasikia nini? Kesho yake Nyemo alitoa benchi stoo, akaliweka mbele ya kioo, akakaa.

Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Aliuliza haraka haraka, watu wakadhani wanapelelezwa. Namsifu hakumkemea. Kila jioni alimwuliza leo amemkatiza nani.

Ndipo akaja Chilongani kuchukua dawa za presha. Alikuja kwa sababu binti yake alimsukuma. Kiganja kikasomwa, akasema nzuri, taa ya kijani ikawaka, naye akajishika ukutani. Nyemo akamwita benchini.

"Shikamoo, mzee. Habari za nyumbani?"

"Marahaba, binti. Nzuri."

Nyemo alimtupia jicho kocha wake. Namsifu alikuwa anatazama dari, kama vile hayupo. Basi Nyemo akafunga mdomo. Foleni ikaguna, mmoja akauliza kama ni posa. Chilongani mwenyewe akacheka, na kicheko kilipoisha alikuwa ameinamia mikono yake.

"Ila hivi vidonge nikimeza, nikisimama dunia inazunguka," alisema. "Nimeviacha tangu tumzike mama yenu. Sasa kisogo kinagonga kama nyundo yangu mwenyewe."

Nyemo akampima. Presha ilikuwa juu, ya kumwangusha mtu jua halijazama. Alimpigia daktari hapo hapo, gari likaitwa. Chilongani alirudi siku nyingine kwa miguu yake, na dawa tofauti, akilalamika tu kwamba uji wa hospitali hauna sukari.

Benchi likawa mabenchi. Watu wakaja kupima sukari, kuchanjwa, kuulizia vidonge vinavyowachosha, na wengine kuja kucheka tu. Nyemo hakuhitaji tena kumtazama kocha, na Namsifu akaaga kwenda duka jingine.

Wakubwa waliposikia, wakaleta mafundi wao: mgawadawa nayo isubiri baada ya nzuri. Wakakata utepe tena, bila shaka.

Chilongani akaweka kiganja.

"Habari ya afya?"

"Nzuri."

Mashine ikanyamaza, mikono sita ikiwa hewani. Chilongani aliitazama sana.

"Mbeleje naye alikuwa na ila yake," aliiambia. "Wewe subiri tu."

Akaiacha inasubiri, akaenda benchini, ambako Nyemo alikuwa ameshasogea kumpa nafasi.