Kasia Juu

Pipa la maji la jikoni lilianza kutoa amri Jumanne saa tisa alasiri, jua likiwaka, na wa kwanza kulisikia alikuwa mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Kiziwi.

"Dada," aliuliza kwa sauti ya chini, "nani kasema 'vuta'?"

Dada yake alikuwa akikunja nguo hatua mbili kutoka kwenye pipa, na hakuwa amesikia kitu. Lakini mumewe, Nahodha, alilisikia swali hilo akiwa sebuleni anavaa viatu, akatoka nje na kiatu kimoja.

Nahodha huyu hakuwa na meli, tusimpambe. Alishika usukani wa kimashua cha kuvusha watu mtoni, chenye wapiga makasia wawili, kila mmoja na jozi yake. Wao huketi wakiipa safari mgongo, kwa hiyo anayeona mbele ni mwenye usukani peke yake. Akisema "Vuta!" wanavuta. Akisema "Kasia juu!" makasia yanatoka majini na chombo kinapunguza mwendo.

Miezi mitatu nyuma, wakikimbizana na mashua nyingine kuwahi abiria ng'ambo, mmoja wa wale wawili alianguka majini, asionekane tena mpaka kesho yake. Nahodha alimwapia mama wa marehemu kwamba alipiga kelele "Kasia juu!" ila shemeji yake, yule mpiga makasia wa pili, hakusikia, akaendelea kuvuta. Shemeji hakubisha. Alifukuzwa kazi, akapewa jina la Kiziwi, akahamia chumba cha nyuma kwa dada yake, na watoto wa mtaani wakawa wanamsalimia kwa vidole. Nahodha aliona aibu, ile aibu inayomfanya mtu ale ameinamisha uso. Alikula hivyo hivyo na kunyamaza.

Jumatano, saa tisa ile ile, nyumba nzima ilisikia. Kwanza ilikuja harufu ya tope na mbao mbichi, kisha mlio wa makasia yakikwaruza ubao, polepole, halafu haraka, na mke alipolimwaga pipa na kulifudikiza sakafuni mlio haukukoma, ukawa unatokea chini yake, na sauti iliyosema "Vuta!" ikapanda kila mara kidogo, mpaka watoto wakakimbilia uani na mke akabaki amemkodolea macho mumewe, kwa sababu sauti ile ilikuwa yake.

Alhamisi waliita mganga, mama mmoja mnene asiye na maneno mengi. Aligonga pipa kwa kiganja.

"Jini huyu hataki damu wala ubani," alinong'ona. "Amebeba maneno ya mtu. Baba, siku ile ulisema nini?"

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Alimtazama mkewe, akamtazama shemeji yake.

"Nilisema kasia juu."

Pipa likamjibu kwa sauti yake mwenyewe: "Vuta! Mwache, tutamrudia! Vuta!"

Mke alimgeukia ndugu yake.

"Kaka," mke aliuliza, "ulisikia hivyo?"

"Neno kwa neno. Nami nikavuta, dada. Ningesema, mumeo angefungwa. Wewe na watoto mngekula nini?"

Nahodha alifunua kinywa aombe msamaha. Midomo ilicheza, lakini sauti haikutoka.

Mganga alilifunika pipa. "Jini ameondoka," alisema. "Sauti ya baba ameiacha humu, na mimi siwezi kuitoa."

Sasa usukani anao shemeji, na jina la Kiziwi limekufa. Nahodha hushinda jikoni, kwenye kigoda. Kila siku saa tisa pipa husema, taratibu, kwa sauti yake, lile neno ambalo hakulisema:

"Kasia juu."

Naye huinua mikono yote miwili na kungoja chombo kisimame, mpaka mkewe aje kuishusha.