Uso wa Ghita Ukutani

Asubuhi ile Nofri alikula mkate na kitunguu, akamtania mkewe kwamba watu wa Firenze karibu wataanza kumpigia magoti yeye badala ya Bikira Maria. Ghita akacheka, "Hebu nenda huko na masifa yako!" Walikuwa na miezi mitano tu ya ndoa. Nofri alikuwa amemchora kwenye ukuta wa kanisa, mbele kabisa ya waombolezaji wanaomzika mtakatifu, macho wazi.

Ndiyo ilikuwa fasheni. Mafundi wa zamani walichora nyuso kavu kama mbao, zote kama za mama mmoja. Vijana wa rika la Nofri wakaja na elimu mpya, wakazichunguza sanamu za kale zilizofukuliwa mashambani, wakaanza kuchora watu wenye damu. Na watu wa Firenze kwa kupenda kuonekana, usiseme! Bindo mwokaji mikate aliomba awekwe ukutani. Mona Lapa muuza mishumaa naye akaomba, tena akataka apunguzwe kidevu.

Nofri alipanda jukwaa la miti mbele ya ukuta ule akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Bindo wa ukutani alikuwa amefumba macho.

Hakumchora hivyo.

"Agnolo," aliita polepole, "nani kapanda huku?"

Agnolo ndiye mzee aliyempakia lipu ukutani kabla ya kuchora. Zamani alikuwa na karakana yake, hadi fasheni ikamtupa. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Ufunguo wa kanisa unao mwenyewe, bwana."

Kweli, anao. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na mtu aliyepokonywa kazi hakosi kinyongo. Nofri akachovya sifongo majini. Kila fundi anajua: rangi iliyopakwa lipu ingali mbichi hunyonywa, haitoki tena. Ikipakwa juu ya lipu kavu, ukiisugua kwa maji inatoka. Akasugua macho ya Bindo. Akasugua tena. Sifongo ikatoka safi.

Siku ya tatu Bindo akazikwa. Homa, walisema.

Wiki iliyofuata, Mona Lapa akafumba macho ukutani. Jumapili akaanguka kwenye ngazi, shingo ikavunjika.

Nofri akaacha kucheka. Akawa anavaa ufunguo shingoni, anakula juu ya jukwaa, hamwachii Agnolo nafasi hata ya kukohoa. Siku moja alimshika mzee wa watu mikono akainusa, kama ina harufu ya rangi. Ilinuka chokaa tu.

Kisha, mchana mweupe, akamtazama Ghita ukutani. Kope zilikuwa zimeshuka. Kidogo tu.

Akatazama chini. Agnolo anakoroga chokaa, mikono yote miwili ndani ya beseni. Akatazama tena juu. Zimeshuka zaidi.

"Mchawi wewe," alinong'ona. "Mke wangu kakukosea nini?"

"Mimi?" Agnolo naye alinong'ona. "Wazee wetu walichora nyuso zisizo za mtu yeyote. Mkatucheka. Mlidhani hatukujua kuchora?"

Nofri akainama ukingoni mwa jukwaa. "Nifanye nini?"

"Usimguse huyo. Kimbia nyumbani ukakae naye."

"Ehee! Niondoke ili umalizie kazi yako."

Akachukua nyundo na patasi.

"Nofri, mwanangu," mzee alisema, "ukimvunja hapa, sijui nyumbani utaachiwa nini."

Nofri alisikia vizuri. Ila alidhani huo ndio uchawi wenyewe unamzuia. Akapiga. Kipande cha lipu kilichopakwa siku aliyochorwa Ghita, chenye uso wake peke yake, kikabanduka kizima na kope zake zilizoshuka nusu. Kikapasuka sakafuni. Agnolo akafunika uso.

Nofri alikimbia hadi nyumbani. Ghita yuko jikoni, anakata kabichi.

"Vipi, umefukuzwa na mbwa?"

Alimkumbatia, akalia kama mtoto. Kesho yake akamfukuza Agnolo, na mtaa mzima ukasema afadhali.

Ghita hakufa. Alipika, alifua, aliitikia akiitwa. Ila tangu mchana ule kope zake hazikupanda wala hazikushuka. Alilala hivyo hivyo, nusu wazi, anatazama dari. Nofri alimpungia mkono mbele ya uso. Alimpuliza. Hazikucheza. Akaenda mbio kumtafuta Agnolo, ampigie magoti. Mlango umefungwa. Majirani wakasema mzee kahama mji, hakuaga mtu.

Akarudi, akamwinua mkewe kichwa ili amlaze vizuri. Mto ulikuwa umechafuka mahali shavu lilipolalia. Akagusa kwa kidole.

Lipu. Ilikuwa bado mbichi.