Kuni Kavu za Taucolén

"Asilimia arobaini na nane!" Mzee Ludovino Barría alichomoa kipima unyevu kwenye gogo. "Ijumaa zilikuwa kumi na nane. Hizi si kuni zetu, afande. Tumeibiwa mchana kweupe!"

Inspekta Rosalba Huenchur alilizunguka banda. Kufuli lilikuwa zima, na rundo lilifika darini kama kawaida. Lakini kwenye ukuta wa nyuma mbao nne zilikuwa na misumari mipya. Mtu alizitoa kuni kavu, akaingiza mbichi, kisha akazipanga kwa ustadi. Bondeni, kati ya nyumba zote, bomba la jiko la Ludovino ndilo pekee lililofuka moshi mzito mweupe wa kuni mbichi.

Ludovino, mwenyekiti wa kamati ya kuni, hakutulia hata kidogo. Wafadhili waliojenga banda wangefika kesho kupima. Kuni zikiwa kavu, kila nyumba ya kisiwa cha Taucolén ingepata jiko jipya. Zikiwa mbichi, fedha zingekwenda kisiwa kingine.

"Tangu Ijumaa, uliliacha banda lini?"

"Jumapili tu, nilipokwenda mjini Castro kuwapangia wageni boti. Ufunguo ninao mimi tu. Hata kulala nalala nao."

"Zimeibwa kiasi gani?"

"Mikokoteni arobaini ya ng'ombe."

Rosalba akaguna. Mikokoteni arobaini kwa siku moja si kazi ya mwizi. Ni kazi ya minga, kisiwa kizima kuitwa kumsaidia mmoja. Na yeye, mzaliwa wa visiwa hivi, alijua kwamba anayeita minga hulisha. Mtu anaweza kukana wizi mbele ya padri, lakini kuwaacha waliombebea mizigo waondoke na njaa, hathubutu.

Alibisha hodi nyumba kumi, akiuliza swali moja tu: "Jumapili mlikula wapi?"

"Nyumbani."

"Hapahapa kwangu."

"Mimi sikula, afande. Tumbo lilinisumbua," alisema pande la mtu, na mkewe akakimbilia jikoni kucheka.

Waongo wakubwa! Rosalba alikuwa akichemka alipofika kwa Bi Ercira Nauto, mjane aliyebaki peke yake tangu mwanawe na mkewe wampeleke mtoto wao hospitali. Nyuma ya nyumba, hori la nguruwe lilifurika maganda ya viazi. Vidole vya mama huyo vilikuwa vimechubuka kwa kukuna viazi.

"Mikate ya viazi ya watu wangapi, Bi Ercira?"

"Napenda kula."

"Magunia mawili?"

"We mtoto wa Huenchur, hata mama yako alikuwa mdaku hivyohivyo."

"Kuni ziko wapi?"

Bi Ercira akaketi. Jiko lake liliwaka bila moshi. "Ziko kwenye majiko ya watu; mbichi zao ndizo ziko bandani. Niliita mimi. Kosa ni langu, usiwaguse wengine."

Ludovino, aliyemfuata Rosalba na kusikiliza mlangoni, akaingia kwa kishindo. "Wewe! Umetuangamiza!"

"Mjukuu wetu anarudi kesho," Bi Ercira akamjibu. "Binti yako hakukwambia? Daktari kasema akivuta tena moshi wa kuni mbichi, tuchimbe kaburi. Wageni wako wameahirisha mara tatu. Msimu mzima wa baridi banda limejaa kuni kavu, sisi tunakohoa damu. Nilikuomba mara ngapi?"

"Masharti yanasema zisitolewe mpaka wageni wazipime!"

"Na mapafu ya mtoto yasubiri?"

"Tutakosa majiko, Ercira."

"Tutakosa. Mtoto tutakuwa naye."

Rosalba aliandika, kwani ndiyo kazi yake, lakini moyo ulimuuma. Mzee alilisogelea jiko. Hasira zilikuwa zimemwishia.

"Kila nyumba ilipata?"

"Kila nyumba."

"Mbona kwangu hamkuleta?"

Bi Ercira akachungulia dirishani, akauona moshi mweupe wa nyumba ya Ludovino. "Wewe ulikuwa na ufunguo, mzazi mwenzangu. Tulidhani unazichoma mwaka mzima."